Mate ya Mjomba Denver

Asubuhi ya Ijumaa ya pili ya mwezi wa Novemba, Arlis Gabbard aliegesha pikapu yake mwisho wa barabara ya changarawe, akazima injini, akamgeukia mjomba wake Denver Stamper na kumwambia neno alilomwambia kila mwaka kwa miaka ishirini na mitatu.

"Haya mjomba, toa vya karne hii."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao. Kila mwaka, majani ya mialoni yakishapukutika, wawili hao waliingia milimani kwa siku tatu wakiwa na vile tu ambavyo mwindaji wa mwaka 1778 angeweza kuwa navyo: shati la kushonwa kwa mkono, viatu vya ngozi ya kulungu, blanketi la sufu, kishoka, pembe ya baruti, unga wa mahindi yaliyokaangwa, na bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma, likatoa cheche, cheche ikawasha baruti. Simu ilibaki garini. Saa ilibaki. Dawa za kikohozi zilibaki pia, ingawa Denver alizitazama mara mbili kabla ya kuufunga mlango wa kijisanduku kilicho mbele ya kiti. Kisha akatia vidole kinywani, akayang'oa meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, akayafungia katika kikopo chake cha plastiki.

"Mjomba, na meno nayo?"

"We ulisikia nani alikuwa na meno ya plastiki mwaka huo?" Denver akajibu, mashavu yamembonyea. "Wazee wetu walikuwa vibogoyo na heshima yao, bwana. Beba mkoba wako twende."

Arlis alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Mwezi wa Machi madaktari walikuwa wamelichoma koo la Denver kwa mionzi. Uvimbe ulinywea, ukaondoka na meno yote, na ladha yote, na mate yote. Kinywa cha mzee kilikauka kama gunzi la mahindi lililosahauliwa ghalani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa uji mwepesi anywao kwa mrija. Mwezi wa Septemba uvimbe ulirudi, na safari hii daktari alizungumza nao kwa sauti ya chini huku akitazama viatu vyake. Siku ile ile, wakiwa njiani kurudi nyumbani, Denver alimwomba mpwa wake jambo moja. Alitaka ini la kulungu aliyeangushwa kwa gumegume, libanikwe juu ya makaa kwa kijiti, alitie kinywani, alitafune kwa ufizi wake. Hata kama hatalimeza. Hata kama atalitema.

"Nitakupa, mjomba," Arlis alimwambia. Na ahadi hiyo ndiyo aliyoibeba mlimani asubuhi ile, nayo ilimlemea kuliko bunduki.

Walitembea polepole. Denver alivaa shati lake la kitani, lililotiwa rangi ya kahawia kwa maganda ya jozi, refu hadi magotini. Mkewe, Verlie, alilishona wakati wa baridi ya mwisho ya maisha yake, na Denver alikwisha kumwagiza binti yake Lorene kwamba azikwe nalo. Shati la Arlis lilikuwa la sufu. Nalieleza jambo la mashati kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Walipokivuka Kijito cha Chumvi, Arlis aliteleza juu ya jiwe lenye ukungu. Hakuumia. Bunduki haikulowa. Lakini mfuko wake wa risasi ulifunguka, na bunda la kitani walilolikata kwa ajili ya safari nzima likachukuliwa na maji, likazama penye vilindi.

Kwa mtu asiyeijua gumegume, huo ni msiba mdogo. Kwa wao, safari ilikuwa imekwisha. Risasi ya bunduki hiyo ni goroli la madini ya risasi, nayo haikai ndani ya mtutu ikiwa tupu. Hufungwa kwa kiraka cha kitani kilicholoweshwa, ikasukumwa chini kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, na kiraka ndicho kinachoishika na kuipa nguvu. Sufu haifai, huungua na kuachia. Na Denver alikuwa na mtindo wake, aliomfunza Arlis tangu ujana: kitambaa huloweshwa kwa mate. Mwindaji hukitia ncha kinywani, akakinyonya, akakilaza juu ya mdomo wa mtutu, akaweka risasi, kisha akakata kwa kisu kile kilichozidi. Mafuta ya mnyama, kwake yeye, yalikuwa ya wavivu.

"Kata pindo la shati langu," Denver alisema mara moja, kana kwamba ni jambo dogo.

"Siwezi, mjomba."

"Kipande cha ukubwa wa sarafu, Arlis! Verlie hatakasirika. Alikuwa ananikata nywele vibaya kuliko hivyo."

"Shati hilo ni la safari nyingine. Ninacho kitani kingine mkobani."

Hakuwa nacho. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na aliusema kwa mapenzi, jambo ambalo halikuupunguzia uzito.

Saa nne mvua ya barafu ilianza kuwachapa usoni. Walikimbilia chini ya mwamba mmoja mkubwa uliojiinamia mbele kama paa la nyumba, mahali pakavu ambapo wakazi wa zamani walichimba shura ya kutengenezea baruti. Denver aliketi mlangoni, akahangaika na moto. Arlis aliingia ndani, hadi pale dari liliposhuka na kumlazimu kutambaa. Vumbi la shura lilikuwa jepesi, la manjano, na chochote kilichofukiwa humo hakiozi, hukauka tu.

Kati ya mabamba mawili ya mawe yaliyolazwa pamoja aliona ncha ya utepe wa kitani.

Ulikuwa mweupe, wenye upana wa vidole vitatu, umefumwa kwa mkono. Arlis aliushika akafurahi jinsi mpenda mambo ya kale anavyofurahi: kitani cha kweli, cha enzi zile zile walizokuwa wakiziigiza! Aliuvuta. Ukaja kidogo, ukakwama. Akaingiza mkono kati ya mawe, akapapasa, vidole vikagusa fundo.

Hapo mkono wake ulisita.

Arlis alilelewa katika kanisa la Wabaptisti wa milimani, miongoni mwa watu walioosha na kuwavisha maiti wao wenyewe. Alikuwa na umri wa miaka saba alipomwona bibi yake akimfunga babu yake taya kwa utepe wa kitani, uliopita chini ya kidevu ukapanda juu, fundo likaketi utosini. Tangu wanadamu waanze kuzikana, aliye hai amewekewa deni hilo dogo kwa aliyekufa: amfumbe macho, amfunge kinywa, amsitiri. Arlis alijua. Alijua fundo la namna ile hufungwa juu ya nini. Hakuinua jiwe atazame, maana angetazama asingeweza kuuchukua utepe; na mlangoni mjomba wake alikuwa akikohoa.

Akatoa kisu, akalikata fundo bila kuangalia, akavuta.

Ndani ya mawe kitu kiliachia. Kulisikika mlio mdogo, kama kifuniko cha sanduku la mbao kinavyofunguka, kisha pumzi ikatoka. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyekaa na njaa siku nyingi.

"Umekipata?" Denver aliuliza.

"Nimekipata. Kilikuwa chini kabisa ya mkoba."

Mvua ilipokatika walishuka kwenye bonde lenye mialoni, mahali kulungu huja kuokota mbegu zake mchana. Denver ndiye aliyekuwa na shabaha, hivyo bunduki ilikuwa yake. Akamimina baruti kutoka kwenye pembe, akaupokea utepe, akautia kinywani kwa mazoea tu, huku akijua kwamba hana cha kuuloweshea.

Akatulia. Macho yakamtoka.

"Arlis," akanong'ona. "Nina mate."

"Nini?"

"Nina mate, mwanangu! Yanatoka. Yanatoka!"

Yalikuwa yakimtiririka pembeni mwa midomo, mazito, yakishuka kidevuni na kuning'inia kama uzi wa utomvu. Mzee alicheka na kulia kwa pamoja, akiunyonya utepe kama mtoto anavyonyonya. Arlis naye alitokwa na machozi. Aibu aliyotoka nayo chini ya mwamba aliimeza, akaiona imelipwa. Hakuuliza kwa nini mate yale yalikuwa na rangi ya manjano.

Denver akalaza kitani juu ya mdomo wa mtutu, akaweka risasi, akakata. Utepe ukabaki na tundu moja la mviringo katikati. Akausokomeza mfukoni.

Haikupita nusu saa kulungu jike akatokea. Jiwe liligonga chuma, moshi mweupe ukatanda, na moshi ulipoondoka mnyama alikuwa amelala. Mpaka hapo siku ilikuwa njema.

Kwa desturi yao, mtu hamwendei mnyama kabla hajakiokota kiraka kilichotoka pamoja na risasi. Kiraka husomwa. Kikiwa cheusi katikati, pindo zimechanika kama nyota, baruti imeungua vizuri. Denver alikiona juu ya majani, hatua kumi mbele, akainama, akakiokota, akakitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Njoo usome hiki," akasema.

Kilikuwa cheupe. Kilikuwa kimelowa, nacho kilikuwa na uvuguvugu, uvuguvugu wa kitu kilichotoka kinywani muda huo huo. Hakikuwa na alama ya moto. Lakini kuzunguka ukingo wake palikuwa na alama za meno, juu na chini, zimepangika vyema, isipokuwa mahali pamoja mbele ambapo jino moja lilikosekana.

"Umekiuma lini, mjomba?"

Denver akacheka, akafungua kinywa chake chekundu kitupu, akamwonyesha. "Kwa meno gani?"

Kisha akakitia kiraka kile shavuni, akaanza kukimumunya, akamwendea kulungu.

Arlis alimpasua mnyama, akalitoa ini, akaliweka juu ya jani pana ili akakusanye kuni. Hakuwa amegonga jiwe la kuwashia moto mara mbili aliposikia mlio nyuma yake. Mzee hakuwa amengoja moto. Alikuwa amelishika ini kwa mikono yote miwili, likiwa bichi, likitoa mvuke kwenye baridi, na uso ameuzamisha ndani yake.

"Mjomba! Polepole, koo lako!"

"Tamu," Denver akasema ndani ya ini. "Mwanangu, tamu. Nalionja. Nalionja!"

Arlis alipaswa kufurahi, kwa kuwa hilo ndilo alilolipanga tangu Septemba. Akajilazimisha kufurahi. Lakini aliketi karibu, akaona. Ini lilikwisha. Damu iliyochuruzika hadi viwikoni ikarambwa. Kifuko cha nyongo, chenye uchungu unaomfanya hata mbwa ageuke, kilipasuliwa kwa ufizi na kunyonywa hadi kikawa ngozi tupu. Mzee alitafuna, akatafuna, na midomo ilipofunguka kinywa kilikuwa kitupu. Lakini koo lake, koo lile lililounguzwa, lenye kovu jekundu, halikusogea hata mara moja. Hakuwa akimeza.

Chakula kilikuwa kikiingia kinywani na kutoweka.

Na kulikuwa na mlio. Arlis aliusikiliza akidhani ni matawi yakisuguana. Ulikuwa mlio wa meno yakisagana.

Usiku huo walilala palepale chini ya mialoni, kwa kuwa Denver alikataa kuuacha mzoga. Arlis hakulala. Alijifunika blanketi hadi masikioni, akauomba usiku uishe, nao uliisha.

Kulipopambazuka alifunua uso.

Denver alikuwa amepiga magoti mbele ya mzoga. Alikuwa ameipasua ile mifuko ya majani ya tumboni, na alikuwa akiuchota kwa kiganja ule uchafu wa kijani uliochachuka, mbegu za mwaloni zilizolainika, povu, akijisokomezea. Manyoya ya kulungu yalimganda kidevuni kwa mate ya manjano. Ufizi wake ulikuwa umechanika, nyama yake mwenyewe imening'inia. Uvundo ulifika hadi alipolala Arlis, naye akageuka pembeni akatapika unga wote wa mahindi aliokuwa amekula. Alipoinua kichwa, mzee alikuwa akiyatazama matapishi yale.

Aliyatazama kwa hamu.

"Usije," Arlis akanong'ona. "Mjomba, usije hapa."

Denver akatikisa kichwa. Mikono yake ikiendelea kuchota, midomo ikiendelea kutafuna, machozi yakaanza kumtoka. Macho tu ndiyo yaliyobaki kuwa yake.

"Mpwa," akasema katikati ya tonge. "Si mimi ninayekula."

Arlis alilitupa blanketi, akamkaribia.

"Sishibi. Tumbo langu tupu tangu jana. Shika uone." Akaushika mkono wa mpwa wake, akauweka juu ya shati la Verlie. Tumbo lilikuwa limeingia hadi mgongoni. "Kinywa si changu. Kitambaa kile ulikitoa wapi?"

"Nyumbani..."

"Arlis. Nakufa. Usinidanganye ninapokufa."

Basi akamwambia. Alimweleza mawe, na fundo, na kisu, na pumzi. Denver alisikiliza huku akitafuna. Kisha kwa nguvu zote alizokuwa nazo akautoa utepe mfukoni, akamtupia.

"Kamfunge."

"Na kiraka? Kiko wapi kile kiraka, mjomba? Kiteme."

Denver akatia kidole shavuni, akazungusha huku na huku. Akapapasa chini ya ulimi. "Hakipo," akasema. "Sikukimeza, naapa. Hakipo tu. Nenda!"

Arlis alikimbia. Alilipanda bonde kwa miguu na mikono, akafika chini ya mwamba jua likiwa limeanza kuingia ndani kwa mshazari, akatambaa katika vumbi la shura, akalisukuma jiwe la juu.

Alikuwa mtu mmoja, mwembamba, amejikunja ubavu kama alalaye kwa baridi. Ngozi ilikuwa imemkauka juu ya mfupa, ya kahawia, kama ngozi ya ngoma kuukuu. Mikono ilikuwa juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa shimo. Yeyote aliyemzika alimzika mwenye njaa, naye kwa huruma au kwa hofu alikifunga kinywa chake kwa nguvu. Sasa taya lilikuwa wazi kabisa. Mbele, juu, jino moja halikuwepo.

Na kinywa kilikuwa kimejaa.

Kilikuwa kimejaa ini. Ini bichi, jekundu, lililotafunwa likawa rojo, limechanganyika na nyongo na manyoya na majani yaliyochacha, limefurika hadi kwenye mashavu makavu, likichuruzika juu ya vumbi la manjano. Lilikuwa bado na joto. Mtu yule hakuwa na koo la kulipitishia. Miaka yote ile alikuwa na njaa, na alipopewa chakula kilimwishia mlangoni.

Arlis alilitazama akajua kwamba taya halitafungika likiwa limejaa.

Akatia vidole.

Akachota. Akachota tena. Kila kiganja alichotupa kilianguka kwa mlio wa maji mazito. Ulimi ulikuwepo, mkavu kama kipande cha gome, na mara mbili vidole vyake viliugusa, na mara ya pili aliuhisi umelowa. Alilia, akatapika mate matupu, akaendelea. Alitafuta kiraka ndani ya rojo lile, kati ya meno, chini ya ulimi. Hakukiona. Mwishowe akalipandisha taya taratibu, akaupitisha utepe chini ya kidevu, akaufunga fundo juu ya utosi kama alivyomwona bibi yake akifanya. Tundu la mviringo likaangukia shavuni. Ndani ya tundu hilo meno yalionekana.

"Nisamehe," akamwambia. Akarudisha jiwe.

Alipofika bondeni Denver alikuwa ameketi, mikono imelegea mapajani, kidevu kimetulia.

"Yamekauka," mzee akasema kwa sauti kavu kama gunzi. "Mate. Yamekauka yote." Kisha akaongeza, na hilo ndilo lililomvunja Arlis kuliko yote: "Lakini nilikuwa nimelionja. Kwa muda kidogo, nilikuwa nimelionja."

Denver aliishi hadi mwezi wa Januari, kwa uji na mrija. Wakati mwingine, akiwa amesinzia kitini mchana, taya lake lilitafuna pole pole, na Lorene alidhani anaota chakula. Arlis, aliyekuwa akija kila siku, alitoka nje kila alipoliona hilo.

Alikufa Jumatatu asubuhi. Jumanne mtunza maiti alimpigia Lorene simu, na Lorene akampigia Arlis.

"Kinywa cha baba hakifungi," alisema, akilia. "Amekishona mara tatu, Arlis. Kila akigeuka nyuzi zimekatika. Anasema hajapata kuona. Anataka tufunike jeneza, watu wasimwone. Baba, jamani, ambaye aliongea na kila mtu! Wewe unajua kitu? Mlikwenda wote."

"Nipe mpaka mchana kesho," Arlis akamwambia.

Usiku ule theluji ilianguka. Jumatano alfajiri Arlis alikata kitani kipya mviringo, kipande cha ukubwa wa sarafu, akachukua sindano na uzi, akaenda kuulipa utepe kile ulichopungukiwa. Theluji kutoka barabarani hadi mwambani ilikuwa nzima. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa mnyama, si nje, si katika vumbi la ndani, isipokuwa alama za kutambaa alizoziacha yeye mwenyewe mwezi wa Novemba.

Akainua jiwe.

Utepe ulikuwa pale pale alipoufunga, fundo utosini. Lakini shavuni hapakuwa na tundu. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mviringo cha kitani cha kahawia, kahawia ya maganda ya jozi. Hakikushonwa kwa uzi. Kilikuwa kimetafunwa kingo kwa kingo hadi nyuzi za kitani cheupe na nyuzi za kitani cha kahawia zikashikana, na katika baridi ile, ambapo pumzi ya Arlis iliganda kwenye ndevu zake, kiungo hicho kilikuwa kimelowa.

Arlis hakukigusa. Alirudisha jiwe, akaenda mjini akiwa na vumbi la shura magotini.

Lorene alimpokea mlangoni mwa nyumba ya maiti, akamshika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umetulia.

"Kimefunga!" alinong'ona. "Kimefunga chenyewe asubuhi hii. Njoo umwone. Utadhani anataka kutania."

Ilikuwa kweli. Denver alilala ndani ya shati la Verlie, midomo imekutana vizuri, na pembeni mwake palikuwa na dalili ya lile tabasamu alilokuwa nalo kabla ya kumtania mtu. Arlis alisogea karibu. Kisha akainama, akalishika pindo la shati magotini, mahali linapojikunja chini ya mwili, akaligeuza.

Lorene aliona naye. "Nani amelikata shati la baba?"

Lilikuwa tundu moja la mviringo, la ukubwa wa sarafu.

"Aliniambia nilikate mimi," Arlis akasema. "Kule kijitoni. Nilikataa."

Akakipitisha kidole ukingoni. Palikuwa na unyevu. Kitani kilikuwa kimeumwa, jino baada ya jino, kikakatika vizuri kuzunguka tundu lote. Ila mahali pamoja, penye upana wa jino moja, nyuzi hazikuumwa. Zilikuwa zimevutwa hadi zikakatika, nazo zilining'inia, ndefu, zikidondosha tone moja la manjano juu ya hariri ya jeneza.